Pesa ndogo ndiyo huliwa kwanza

Siku moja ya soko hapa Muthara, mwendo wa saa tano asubuhi, kijana mmoja alinunua nyanya na vitunguu vya shilingi 350 kwa mama yangu. Akatoa simu, akabofya kidogo, na simu ya mama ikalia. Ujumbe ulisema amepokea 350. Mama akautupia jicho, akamfungia mzigo wake, akamwambia asante, akageukia mteja mwingine.

Jioni tulipoketi kupiga hesabu, salio lilikuwa pungufu kwa 350 kamili. Kuangalia vizuri, ule ujumbe haukutoka kwa kampuni ya pesa. Ulitoka kwa namba ya kawaida ya mtu binafsi, umeandikwa tu ukafanana na wa kweli.

Nikamuuliza, "Mama, si ungeangalia salio kwanza?"

Akanijibu bila hasira, "Ingekuwa elfu tano ningeangalia. Sasa kwa mia tatu na hamsini, na watu wamejipanga hapa, nani ana huo wakati?"

Jibu hilo lilinikaa kichwani wiki nzima. Mimi nilisomea masoko chuoni, lakini kuna muhula nilichukua somo moja la historia ya uchumi, tena kwa sababu tu ratiba yake ilikuwa nzuri. Huko ndiko nilikutana na watu wa Ujerumani waliokuwa na shida ya mama, miaka 400 iliyopita. Pesa kubwa waliipima. Pesa ndogo waliihesabu tu wakaipokea. Na walioliwa ni wenye pesa ndogo.

Nataka kukuambia habari yao, kwa sababu naamini mtumiaji wa pesa za simu leo anaihitaji kuliko mwanafunzi wa historia.

Hela ilitoka wapi?

Hapa kwetu tunasema pesa, na kwa Kimeru mbeca. Ukivuka mpaka uingie Tanzania utasikia hela. Pesa ni neno lililokuja na sarafu ya Kihindi ya shaba, paisa. Hela nalo lilikuja na Wajerumani.

Kulikuwa na mji kusini mwa Ujerumani unaoitwa Hall, siku hizi Schwäbisch Hall. Miaka kama 800 iliyopita mji huo ulianza kufua sarafu ndogo ya fedha. Upande mmoja ilikuwa na kiganja cha mkono kilichofunguliwa, upande wa pili msalaba. Watu wakaiita kwa jina la mji wake, Heller. Ilikuwa nyepesi, nyembamba, ya kununulia vitu vidogo. Miji mingine ikaiga, na jina likaenea Ujerumani nzima.

Wajerumani walipotawala Tanganyika, kampuni yao ya kikoloni ilianza kutoa rupia za fedha mwaka 1890. Waliziita rupia kwa sababu rupia ya India ilikuwa tayari imezoeleka pwani yote. Rupia moja iligawanywa kuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikabadilisha mpango huo: rupia moja sasa ikawa Heller 100. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja na meli za kuleta sarafu zikakosekana, mwaka 1916 walifua Heller zao wenyewe pale Tabora, kwa shaba na shaba nyeupe waliyoweza kupata. Vita vikaisha, Wajerumani wakaondoka, sarafu zikafutwa. Neno likabaki midomoni mwa watu mpaka leo.

Lakini angalia jambo moja. Heller ya Hall ilianza kama sarafu ya fedha. Heller iliyofika Afrika Mashariki ilikuwa ya shaba. Fedha ilienda wapi njiani?

Jinsi fedha ilivyotoroka ndani ya sarafu

Ujerumani ya wakati ule haikuwa nchi moja. Ilikuwa mamia ya tawala: wafalme wadogo, maaskofu, miji huru. Nyingi zilikuwa na haki ya kufua sarafu zao. Juu kulikuwa na sarafu kubwa ya fedha iliyoitwa taler. Jina hilo lilitoka Joachimsthal, bonde lenye machimbo ya fedha huko Bohemia, ambako sarafu hizo zilianza kufuliwa kwa wingi karibu mwaka 1520. Ndiyo hiyo iliyozaa neno dola, na kwa Watanzania dala, shilingi tano. Chini ya taler kulikuwa na sarafu ndogondogo za matumizi ya kila siku. Kusini mwa nchi, gulden moja ilikuwa na kreuzer 60, kreuzer moja pfennig 4, na pfennig moja Heller 2. Piga hesabu: Heller 480 ndani ya gulden moja.

Sasa, kufua sarafu ni kazi. Unayeyusha madini, unayasawazisha, unakata, unagonga muhuri. Kugonga Heller moja kunachukua karibu jasho lile lile la kugonga taler moja, na thamani yake haifikii hata sehemu ya mia. Kwa hivyo kiwanda kilichofua sarafu ndogo zenye fedha halali kilipata hasara au faida kiduchu sana. Kulikuwa na njia moja rahisi ya kufidia: punguza fedha, ongeza shaba.

Kwa nini hawakufanya hivyo kwa taler pia? Kwa sababu taler ilipimwa. Mfanyabiashara mkubwa akipokea taler alikuwa na mizani mezani. Ikipungua uzito anairudisha. Lakini mama wa sokoni akipokea Heller tano za mkate hakuwa na mizani, wala hakuwa na wakati. Alizihesabu, akazitia mfukoni. Hapo ndipo mwizi alipopata mlango.

Mambo yaliharibika kabisa kati ya mwaka 1619 na 1623, wakati Vita vya Miaka Thelathini vikianza. Watawala walihitaji pesa za kulipa askari. Utawala wa Braunschweig-Wolfenbüttel ulifungua viwanda kadhaa vya kufua sarafu mbovu, na majirani wakafuata. Sarafu ndogo zikawa shaba iliyopakwa weupe wa fedha juu tu. Zikishikwa mara kadhaa weupe unatoka, shaba nyekundu inaonekana. Mpaka leo Mjerumani akitaka kusema kitu hakina thamani, husema hakifiki hata Heller nyekundu.

Mawakala wa watawala hao walibeba mifuko ya sarafu mbovu hadi nchi jirani, wakawapa wakulima na mafundi, wakachukua zile nzuri za zamani, wakarudi nazo kuziyeyusha. Kipindi chenyewe kiliitwa Kipper- und Wipperzeit. Wippen ni kuyumbisha mizani: walikuwa wanachuja zile sarafu nzito na kuziweka kando, kisha nyepesi wanazipitisha kwa watu.

Mwanzoni watu walifurahi. Sarafu zilikuwa nyingi mfukoni, biashara ikachangamka. Kisha bei zikaanza kupanda. Wauza mikate wakakataa sarafu mpya. Walimu, wachungaji na vibarua waliolipwa mshahara usiobadilika wakajikuta mshahara haununui kitu. Mwaka 1622 kukazuka fujo mitaani katika miji kama Magdeburg. Unajua kilichowafanya watawala waache? Kodi. Wananchi walianza kulipa kodi kwa zile zile sarafu mbovu. Ujanja ukamrudia mwenyewe. Kufikia mwaka 1623 sarafu mbovu zilikuwa zinaondolewa au kupunguzwa thamani, na aliyekuwa amezishika wakati huo alihesabu hasara yake peke yake. Mwenye taler zake kabatini hakupoteza kitu.

Mkebe wa shosho

Usiseme hayo ni ya Wazungu. Shosho yangu ana mkebe wa majani chai ambao hauna majani. Ndani yake kuna senti kumi zenye tundu katikati, ndururu kadhaa, thumni, na shilingi moja ya mwaka 1924 yenye simba na milima nyuma yake. Nilipokuwa na miaka kumi na tano nilimwomba hiyo shilingi, nikapanda matatu hadi Meru mjini nikiwaza nimebeba utajiri. Sonara akaiweka kwenye mizani, akaigeuza, akacheka kidogo. "Kijana, hii fedha ni robo tu. Iliyobaki si fedha."

Alikuwa sahihi. Historia yenyewe iko hivi. Kenya ilikuwa ikitumia rupia ya India, ya gramu 11.66, zaidi ya asilimia 91 fedha tupu. Baada ya vita, bei ya fedha duniani ilipanda sana, na mwaka 1920 serikali ya kikoloni ikaleta florini ya Afrika Mashariki: uzito ule ule, lakini fedha ni asilimia 50. Mwaka uliofuata ikaja shilingi, mbili kwa florini moja, kila moja gramu 7.78, na fedha asilimia 25. Ukipiga hesabu, thamani ile ile ya shilingi mbili ilikuwa na karibu gramu 10.7 za fedha katika rupia, gramu 5.8 katika florini, na gramu 3.9 katika shilingi mbili. Hayo yote ndani ya miaka miwili. Kufikia 1948 shilingi haikuwa na fedha hata chembe.

Lakini hapa kuna tofauti na Ujerumani, na ndiyo ninayotaka uishike. Shilingi ile haikuporomoka kama Heller. Nyuma yake kulikuwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919, ambayo ilishikilia pauni za Uingereza kama dhamana. Thamani ilitoka kwenye madini ikaingia kwenye ahadi, na ahadi hiyo ilikuwa na mtu wa kuulizwa. Simtetei mkoloni, alikuwa na dhambi zake nyingi. Nasema tu kwamba kupungua kwa fedha peke yake si wizi. Wizi ni pale unapopunguza kimyakimya, ukimpa yule ambaye hawezi kupima.

Shilingi ya kwenye simu

Pesa ya simu haina fedha, haina shaba, haina hata karatasi. Ni namba. Shosho mpaka leo ananiuliza, "Sasa hizo pesa ziko wapi hasa?"

Ni swali zuri kuliko anavyodhani. Jibu ni hili: sheria za Kenya za mifumo ya malipo zinataka kila shilingi unayoiona kwenye simu iwe na shilingi halisi iliyowekwa benki, kwenye akaunti ya amana iliyotengwa na pesa za kampuni yenyewe. Kampuni ya pesa za simu hairuhusiwi kuzichukua ikanunulie magari. Benki Kuu ndiyo msimamizi. Kwa hivyo ndani, shilingi yako haijachanganywa na shaba. Mia mbili ni mia mbili.

Inaumwa pembeni. Na hapa naomba uvumilie hesabu kidogo.

Baada ya ule mkasa wa 350, nilimwambia mama tutoe taarifa ya mwezi mzima ya laini yake. Tukakaa na kalamu. Mama alikuwa ametoa pesa kwa wakala mara kumi na mbili, kila mara kama shilingi 200. Mia mbili ya sukuma, mia mbili ya gari, mia mbili ya mchango. Ada za kutoa hupangwa kwa viwango: ada moja hufunika kiasi kuanzia hapa hadi pale. Tuseme, kwa mfano rahisi, ada ni shilingi 30 kwa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500. Kutoa 200 kwa ada ya 30 ni asilimia 15. Kutoa 2,400 kwa ada hiyo hiyo ni asilimia moja na robo.

Mara kumi na mbili kwa 30 ni 360. Mara moja kwa 2,400 ni 30. Tofauti ni 330.

Rudi nyuma uone. Mkora alimwibia mama 350 mara moja, na nyumba nzima ilikosa usingizi. Ada za kutoa kidogo kidogo zilikuwa zinamchukua kama 330 kila mwezi, kihalali kabisa, na hakuna aliyestuka, hata mimi ninayefanya kazi na hizi hesabu. Kwa nini? Kwa sababu ziliondoka shilingi 30 kwa 30. Nani anapima 30?

Je, ada ni wizi?

Hapana. Nimesikia watu wakisema hivyo kwenye matatu na sikubaliani nao. Yule dada wa wakala pale karibu na steji anafungua duka saa kumi na mbili asubuhi, analipa kodi ya chumba, anaweka pesa zake mwenyewe ili wewe upate za kutoa, na anaogopa majambazi jioni. Kukuhudumia wewe wa 200 kunamchukua dakika zile zile za kumhudumia mwenye 20,000. Ni ile ile shida ya kiwanda cha Heller: kitu kidogo kina gharama karibu sawa na kikubwa. Gharama hiyo ni ya kweli na lazima mtu ailipe.

Swali ni nani, na je, anajua kwamba analipa?

Watawala wa Ujerumani walijibu kwa kumlipisha mnyonge bila kumwambia. Kuna njia nyingine, na hapa Kenya tumewahi kuiona. Machi 2020, korona ilipoingia, Benki Kuu ilikubaliana na kampuni za pesa za simu kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 kusiwe na ada. Ilikaa hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Mbingu hazikuanguka. Watu walituma pesa ndogondogo zaidi, na wengi waliokuwa wakishika noti walizoea simu. Ada zilipokuja kurudi, kutuma hadi shilingi 100 kulibaki bure. Hiyo ni kusema inawezekana gharama ya kidogo ikabebwa na kikubwa, ikiwa watu watakaa na kuamua hivyo.

Serikali nayo ina lake. Tangu Julai 2023, ushuru kwenye ada za kutuma na kutoa pesa ni asilimia 15. Ushuru huo hukatwa juu ya ada, si juu ya kiasi unachotuma. Kwa kuwa mwenye pesa ndogo hulipa ada kubwa kwa kila mia, ushuru nao humwangukia zaidi kwa kila mia. Wanaotunga sheria Nairobi wangekaa na mama yangu na kalamu moja usiku mmoja, wangeliona hilo bila kuajiri mtaalamu.

Na sisi kampuni tusijifiche nyuma ya serikali. Naandika haya kwenye ukurasa wa kampuni ambayo nayo inaishi kwa ada, najua. Ombi langu ni moja, na naliweka hapa hadharani ili wenzangu wasije wakasema hawakuliona. Kabla mteja hajaweka namba ya siri, simu imwonyeshe ada kwa shilingi na pia kwa asilimia: unatoa 200, ada ni 30, yaani 15 kwa kila mia. Na mwisho wa mwezi imtumie jumla: mwezi huu umelipa ada kiasi fulani, kwa mara kadhaa. Ndiyo, baadhi ya watu wataona na watatoa pesa mara chache. Tutapoteza ada fulani. Lakini mteja anayejua anacholipa hukaa. Anayegundua mwenyewe baada ya miaka mitano kwamba alikuwa anaumwa pembeni, huyo huondoka na jirani zake wote.

Mizani yako wewe

Nisikuache ukingoja kampuni na serikali. Haya ndiyo tuliyokubaliana na mama, na yanafanya kazi.

Kwanza, ujumbe si pesa. Salio ndilo pesa. Ujumbe wa uongo ni ile shaba iliyopakwa weupe: unang'aa mpaka uushike. Angalia jina la aliyetuma ujumbe, na kama huna uhakika, fungua salio lako mwenyewe kabla mzigo haujaondoka mkononi. Ifanye hata kwa shilingi 40. Hasa kwa shilingi 40, kwa sababu mkora anajua hapo ndipo usipoangalia. Na mtu akikupigia kwamba amekutumia pesa kimakosa umrudishie, usimrudishie kwa simu hiyo. Angalia salio, kisha mwambie awasiliane na huduma kwa wateja ya kampuni.

Pili, toa pesa kwa mpango. Kaa Jumapili jioni uone wiki nzima itahitaji noti ngapi, kisha utoe mara moja. Ikiwa unaogopa kukaa na pesa nyumbani, na ni sawa kuogopa, basi gawa mara mbili. Usigawe mara kumi na mbili. Jua pia mipaka ya viwango: wakati mwingine shilingi kumi zaidi zinakurusha kwenye ada ya juu, na ukipunguza hizo kumi unaokoa ishirini.

Tatu, usitoe ili ulipe. Mama alikuwa anatoa pesa kwa wakala, halafu anazipeleka kwa mwenye gari la nyanya ambaye naye anaziweka tena kwenye simu. Shilingi inaumwa kwa safari ya hatua mia tu. Siku hizi wanalipana moja kwa moja kwa simu. Kama mnunuzi wako wa miraa anakulipa kwa simu na dukani wanapokea kwa simu, iache pesa ibaki humo.

Nne, soma taarifa yako mara moja kwa mwezi. Nenda kwenye orodha ya huduma, omba taarifa ya mwezi mzima, na ukitumiwa, usisome pesa zilizoingia tu. Soma safu ya ada. Chukua kalamu ujumlishe. Dakika kumi zinatosha. Hiyo ndiyo mizani ya mfanyabiashara wa taler, ila sasa hata mwenye Heller anayo mfukoni.

Najua kuna mtu atasema, "Hizi ni senti tu, tuna shida kubwa zaidi." Ni kweli tuna shida kubwa. Lakini mtu wa biashara ndogo hapa Muthara hana pesa kubwa ya kulinda. Anayo 40, anayo 70, anayo 200, na hizo ndizo karo, ndizo dawa za shosho, ndizo mbolea ya msimu ujao. 330 kwa mwezi kwa miezi kumi na mbili ni 3,960. Kwa mama yangu hiyo ni sare ya shule na viatu vya ndugu yangu mdogo, na chenji inabaki.

Siku ya soko iliyofuata nilikuwa naye kibandani. Akaja mteja wa vitunguu vya shilingi 60, akatuma, simu ikalia. Mama akasema, "Ngoja kidogo, niangalie." Mteja akapumua kwa nguvu, akatazama saa. Nyuma yake foleni ikanung'unika. Mama akafungua salio polepole, na miwani yake imeshuka puani, akahakikisha, ndipo akampa vitunguu vyake. Ilichukua kama nusu dakika. Yule aliyefuata kwenye foleni, mama mmoja mwenye kibanda upande ule wa nguo, akamuuliza, "Kwani unaangaliaje hapo? Nionyeshe."

Akaonyeshwa. Leo usiku nawe toa taarifa ya mwezi uliopita, jumlisha ada zako, na kesho mwonyeshe jirani mmoja jinsi ulivyofanya.